Mama Ukungu na Namba Witiri

Meza ya tatu kutoka mlango wa magharibi wa ukumbi wa mboga ni ya mwanamke ambaye watu wote humwita Mama Ukungu. Hata mwanawe wa kumzaa, akimtafuta kwenye msongamano, hupaza sauti kwa jina hilo, maana akiita "Mama!" hugeuka wanawake hamsini.

Jina alipewa na wifi yake, dada mdogo wa mumewe, ambaye meza yake ni ya nne. Kati ya meza hizo mbili mna nafasi ya mtu mwembamba kupita ubavuubavu, na kwa miaka ishirini na sita nafasi hiyo imetumika zaidi kupitishia maneno.

Jina lilitokana na kabichi. Kabichi za Mama Ukungu hufika mezani zikiwa na ule weupe mwepesi juu ya majani, kama pumzi kwenye kioo, na ukipitisha kidole hubaki mstari wa kijani. Siku moja wifi alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza vitunguu, "Jamani, huyu wifi yangu anauza kabichi au anauza ukungu wa asubuhi?" Watu wakacheka, jina likaganda. Kwa kuwa ukungu ni pia ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa, wapo wateja wageni ambao wakisikia jina hurudi nyuma hatua moja. Mama Ukungu huwaambia, "Nusa kwanza, mwanangu, ndipo ukimbie."

Kabichi anazilima mwenyewe nyuma ya nyumba yao, matuta thelathini na mawili, kila tuta kabichi ishirini. Huanza kukata saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa kisu kifupi ambacho mpini wake umezungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Hukata akaacha majani mawili ya nje, halafu huinua kabichi kwa shina, kama mtu anavyoinua kikombe cha moto kwa mshikio wake. Vidole havigusi majani. Haziosi, hazipangusi. Huzipanga ndani ya tenga shina juu, na kila safu huitenga na nyingine kwa majani makavu.

Wifi yeye hupangusa. Ana kipande cha flaneli cha rangi ya samawati alichokikata kwenye shati kuukuu la kaka yake, na kila kabichi huisugua mpaka ing'ae kama kiatu cha askari wa gwaride.

"Wifi, mteja hula kwa macho kwanza," husema.

"Na zikinyauka kesho, macho yatakula nini?"

"Kesho? Zangu hazilali hapa. Zinanunuliwa leo."

Ni kweli, nyingi zilinunuliwa siku hiyohiyo. Lakini jambo la kunyauka Mama Ukungu hakulitoa hewani. Alipokuwa bibi harusi wa miaka ishirini na mmoja, kiangazi chake cha kwanza katika nyumba hiyo, alipewa kazi ya kupangusa kabichi za baba mkwe. Akapangusa sita, nyingine sita akazichoka, akaziweka hivyohivyo. Zote akazipanga kwenye rafu ya stoo, mkono wa kulia zilizopanguswa, wa kushoto zisizopanguswa. Siku ya nne za kulia zililegea, majani ya nje yakaning'inia kama masikio ya mbuzi. Za kushoto zilikaza mpaka siku ya nane. Akadhani ni bahati. Akarudia mara mbili, na mara zote mbili za kulia ndizo zilizotangulia kulegea.

"Baba," akamwambia mkwe wake, "weupe huu usiguswe."

"Kwa nini?"

"Sijui. Lakini usiguswe."

Na kwa miaka thelathini maelezo yake yote yalikuwa hayo. Wateja waliouliza, majirani waliocheka, mumewe ambaye ni fundi cherehani na hupenda kila kitu kinyooshwe, wote walijibiwa vivyo hivyo: sijui, lakini usiguswe.

Jibu lilikuja Jumapili moja alasiri, likaletwa na mkamwana wake. Binti huyo, aliyeolewa na mwanawe mwaka mmoja kabla, anafanya kazi kwenye maabara ya kupima mafuta ya kupikia. Ni mtu wa maneno machache, na mpaka siku hiyo Mama Ukungu alikuwa bado hajajua amzungumzishe nini. Walikuwa jikoni wawili, wanakatakata kabichi, binti akainua jani la nje karibu na dirisha akalitazama muda mrefu.

"Mama, hii yako ina nta nzuri sana."

"Nta? Nani kaitia nta?"

"Imejitia yenyewe. Huu weupe ndio nta. Jani linaitengeneza kwa ndani, linaisukuma nje, inakuwa kama koti. Inazuia maji ya ndani yasitoroke."

Kisu cha Mama Ukungu kikasimama hewani. "Rudia hapo. Inazuia nini?"

"Maji yasitoroke. Ukiifuta, jani linakauka upesi."

Mama Ukungu akavuta kigoda akakaa. Binti, alipoona amesikilizwa, akachukua kalenda ya mwaka uliopita akaigeuza na kuchora nyuma yake vidoti ishirini na tisa kwenye mstari mmoja. Akaeleza kwamba kila kidoti ni chembe ya kaboni, kwamba zote zimeshikana mikono, na kwamba kila moja imebeba chembe za haidrojeni huku na huku kama mtu aliyebeba vikapu. Mnyororo huo wa ishirini na tisa ndio uliojaa kwenye nta ya kabichi.

"Una jina?"

"Nonakosani."

"Nona... kosa ni..." Mama Ukungu alilijaribu mdomoni, kisha akaangua kicheko. "Kabichi imenona, kosa ni nini? Mwanangu, hilo ndilo jina lake hasa! Nona, kosa ni nini!"

Binti naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye kabichi. Kabla ya kuondoka aliongeza neno moja dogo. Alisema mishumaa ya dukani nayo imejaa minyororo ya namna hiyohiyo, kwa hiyo nta ya kabichi na mshumaa ni kama ndugu.

Neno hilo dogo ndilo lililoleta kasheshe.

Jumatatu Mama Ukungu alifika ukumbini na furaha ya mtu aliyeokota kitu alichokipoteza ujanani. Hakuna mteja aliyepita bila kupewa habari. "Unaona huu weupe? Ni nta! Chembe ishirini na tisa, zimeshikana mikono! Ndugu yake mshumaa!" Muuza nyanya aliambiwa mara mbili. Mzee wa kuchonga funguo, ambaye hanunui kabichi kabisa, aliambiwa akiwa njiani kwenda msalani.

Wifi alivumilia mpaka saa nne. Kisha mdomo wake, ambao haujapata kuwa na breki, ukateremka mlima.

"Jamani sikieni! Umeme ukikatika msihangaike, washeni kabichi ya Mama Ukungu!"

Ukumbi ukacheka. Wifi, akiona mambo yamekolea, akapanda juu ya kreti.

"Nimemwona kwa macho yangu! Jikoni kwake sufuria mbili, moja ya mchuzi, moja ya mishumaa. Anachovya kabichi kama mnavyochovya mkate kwenye chai!"

"Na zako zinang'aa bila mshumaa," Mama Ukungu akamrudishia, "wewe unapaka nini, mate?"

Hapo hata wauza samaki wa ukumbi wa pili walisikika wakicheka. Wote walicheka isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa amesimama kati ya meza ya tatu na ya nne, ubavuubavu, na daftari mkononi.

Huyo alikuwa Bwana Stoo, mpokea vyakula wa jiko la chuo cha wauguzi, ambako vijana mia tatu hula mchana na jioni. Alikuwa mgeni, mwezi wa pili tu kazini. Ni mwembamba, msafi, na hubandika lebo kwenye kila kitu. Wapishi wanasema hata birika lake la maji limeandikwa "birika". Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kuwajua wauzaji wake mmoja mmoja. Hakujua kwamba wale wanawake wawili ni wifi na wifi, na hakuna aliyemwambia. Alichosikia alikiandika, akafunga daftari, akaondoka.

Mama Ukungu alikuwa akipeleka chuoni kabichi arobaini kila Jumatatu jioni na Alhamisi asubuhi. Jumatatu hiyo zilipokewa na msaidizi bila neno. Alhamisi alipofika kwenye dirisha la kupokelea, Bwana Stoo mwenyewe alikuwa amesimama hapo.

"Mama, nasikitika. Hizi sizipokei."

Alidhani ni utani. "Zina nini, baba? Zimekunja uso?"

"Kuna taarifa kwamba zinapakwa mshumaa ulioyeyushwa."

"Taarifa ya nani?"

Bwana Stoo akafungua daftari. "Muuzaji jirani, mbele ya watu, amesema ameona kwa macho yake. Na wewe mwenyewe, mama, nilikusikia ukiwaambia wateja kwamba ni ndugu ya mshumaa." Alifunga daftari taratibu. Hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililomchoma Mama Ukungu zaidi. "Ndani humu wanakula watoto wa watu mia tatu. Jumatatu kamati ya jiko inakaa. Wakikubaliana na taarifa hii, jina lako linaondolewa, na majiko mengine yatajulishwa. Ungekuwa mahali pangu wewe ungefanyaje?"

Mama Ukungu alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na ukweli ni kwamba angefanya vilevile. Aligeuza mkokoteni, akarudi na kabichi zake arobaini.

Matenga yanayorudi yakiwa tupu hayatazamwi na mtu. Yanayorudi yakiwa yamejaa hutazamwa na ukumbi mzima. Kabla ya saa sita wateja walikuwa wakikwaruza majani kwa kucha. Mama mmoja alinusa kabichi mara tatu akairudisha. Mwanamume mmoja, fundi wa majiko ya mkaa, alitoa kiberiti akajaribu kuwasha jani.

"Haliwaki," alitangaza, kama aliyedhulumiwa.

"Sasa ulitaka liwake?" Mama Ukungu alimuuliza.

"Nilitaka kujua."

"Umejua. Nunua basi."

Hakununua. Kabichi zake zilikuwa mia sita shambani, zimekaza, zinangoja kisu, na kwa mara ya kwanza Mama Ukungu aliona jinsi jina lake zuri lilivyokuwa jembamba. Miaka thelathini alikuwa ameulinda weupe ule bila kujua sababu. Sasa sababu ameipata, na imemgeuka.

Wifi alipopata habari aliacha meza yake ikiwa na wateja watatu, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda chuoni mbiombio na aproni kiunoni. Alirudi baada ya saa moja, uso umemwiva.

"Nimemwambia ulikuwa utani! Nimemwambia huyu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, tumetaniana tangu siku ya harusi! Unajua amenijibu nini? Amesema, 'Aha, kumbe ni ndugu yako. Basi siwezi kuutegemea utetezi wako.' Jamani! Nikimsema vibaya mimi ni shahidi, nikimsema vizuri mimi ni wifi!"

Mama Ukungu alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka kooni. Alikusudia kukaa bila kumsemesha wifi yake hata wiki mbili. Lakini alipomwona vile, jasho linamtiririka, flaneli ya samawati bado imekunjwa mkononi, alishindwa. Alijikaza, midomo ikamcheza, na mwishowe akacheka. Wifi akaanza kulia.

"Usicheke! Nimekuharibia!"

"Umeniharibia kweli. Kaa chini, unywe maji."

Nyumbani jioni fundi cherehani alikaa katikati ya mkewe na dada yake, sindano mdomoni, akasema yeye siku hiyo ni kiziwi. Mkamwana ndiye aliyesema. Alisikiliza mwanzo hadi mwisho, akauliza swali moja, kama Bwana Stoo ni mtu wa kukubali akionyeshwa. Mama Ukungu akasema anadhani ndiyo.

"Basi aje maabara Jumamosi. Mkuu wangu ataruhusu. Sampuli achague mwenyewe, mama usiguse kitu. Na aje na mshumaa, aununue yeye."

Bwana Stoo alipopelekewa ujumbe huo alifurahi wazi. "Lebo nitaandika mimi," alisema.

Jumamosi asubuhi alifika shambani na mkasi, vibakuli vitatu vya kioo na karatasi za kubandika. Alipita matuta yote thelathini na mawili akakata jani kwenye tuta la kumi na tisa, kabichi ya saba, bila kumwambia mtu kwa nini hapo. Kibakuli hicho akakiandika A. Ndani ya B mlikuwa na kipande cha mshumaa. C aliijaza njiani, peke yake, na hakusema imetoka wapi.

Maabara ni chumba kimoja kirefu chenye harufu ya spiriti. Mashine yenyewe ni kama jiko la umeme la kuokea mikate, ina mlango, na juu yake inaingia sindano nyembamba. Wifi, ambaye hakuna aliyemwalika, alikaa kwenye benchi karibu kabisa na mlango wa mashine, kama anayengoja mkate uive.

Mkamwana alikuwa amevaa koti jeupe, na Mama Ukungu aliona kwa mshangao kwamba huyu binti mwenye maneno machache, ndani ya koti hilo, hababaiki hata kidogo. Alichovya kila sampuli ndani ya kimiminika cheupe chenye harufu ya petroli, akahesabu nusu dakika, akaitoa. Alieleza kwamba nta sasa imeyeyukia humo, na kwamba mashine itaipasha moto na kuipitisha kwenye mrija mrefu mwembamba. Minyororo mifupi hutangulia kutoka, mirefu hufuata. Kila mmoja unapotoka, mashine huchora kilima, na kadiri ulivyo mwingi ndivyo kilima kinavyokuwa kirefu.

"Kama watu wanaotoka ukumbini," wifi akasema. "Wasio na mizigo hutangulia."

"Hasa, shangazi."

Wifi alijivuna mpaka benchi likalia.

Ilichukua karibu saa tatu. Bwana Stoo hakuinuka hata mara moja. Karatasi zilipotoka, mkamwana akazilaza mezani bega kwa bega, akaanza na B, ile ya mshumaa.

"Tazameni. Ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tano, zote zipo. Hakuna iliyorukwa. Zinapanda kama ngazi, zinashuka kama ngazi."

Kisha A. Hata asiyesoma angeona. Karatasi ilikuwa na mnara mmoja mrefu karibu utoboe ukingo wa juu, na vilima vidogo kando yake.

"Huu mnara ni ishirini na tisa. Hiki kidogo ishirini na saba. Hiki thelathini na moja. Sasa nionyesheni ishirini na nane iko wapi. Nionyesheni thelathini."

Bwana Stoo aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Pale palipopaswa kuwa na ishirini na nane palikuwa na kivimbe kama cha kuumwa na mbu.

"Zote ni witiri," alisema polepole.

"Zote witiri. Mmea hujenga mnyororo wake kwa kuunga kaboni mbili mbili, kwa hiyo unakuwa shufwa. Halafu mwishoni kabisa, kabla ya kuutoa nje, unakata moja. Ndiyo maana unabaki witiri. Mshumaa haujui kuhesabu hivyo, unachukua zozote. Mama angepaka mshumaa, hata kidogo tu, shufwa zingejaa hapa."

Mama Ukungu alikuwa akiutazama ule mnara. Mtu alikuwa amekata jani moja kwenye tuta la kumi na tisa, na jani hilo, bila yeye kusema neno, lilikuwa limehesabu ishirini na tisa na kumtetea.

"Na C?" Bwana Stoo akauliza. "Nayo ni witiri, naona. Lakini mnara wake mfupi sana, hata robo haufiki. Hii ina kasoro gani?"

Mkamwana akaigeuza karatasi kwenye mwanga. "Ni kabichi. Haina mshumaa. Lakini nta yake karibu yote imeondolewa. Hii imesuguliwa na mtu, tena kwa bidii." Akamtazama Bwana Stoo. "Uliitoa wapi?"

Bwana Stoo akakohoa. "Meza ya nne."

Kabla mtu hajasema lolote wifi alikuwa amesimama, mikono kichwani.

"Nimeumbuliwa na mashine! Miaka ishirini na sita nasugua, kumbe nawavua makoti!"

Mama Ukungu alicheka mpaka akashika ukuta. Mkamwana aligeuka dirishani, mabega yakimtikisika ndani ya koti jeupe. Mkuu wa maabara alichungulia mlangoni kuona kuna nini, akakuta mwanamke mwenye aproni akiiambia mashine, "Na wewe nawe, siri huweki?"

Bwana Stoo alisubiri kicheko kitulie. Kisha akasimama mbele ya Mama Ukungu, miguu pamoja, kama anayejieleza kwa mwalimu.

"Mama, niliandika kabla sijauliza. Nisamehe."

"Baba, umekuja mpaka tuta la kumi na tisa kuuliza. Imetosha. Lakini kamati yako je?"

"Karatasi hizi zitasema. Na mimi nitasimama nazo."

Jumapili nzima Mama Ukungu hakutulia. Alijua karatasi ni karatasi, na kamati ni watu saba ambao huenda hawajui witiri ni nini. Hata hivyo Jumatatu mchana alikata kabichi arobaini, na wifi akaja kumsaidia, flaneli ameiacha nyumbani, akiinua kila kabichi kwa vidole viwili kama anayebeba yai la mtu mwingine.

"Usiponikumbusha nitasugua," alisema. "Mkono unawasha."

Walisukuma mkokoteni pamoja, wakafika kwenye dirisha la kupokelea saa kumi kasoro robo. Lilikuwa limefungwa. Ndani kulikuwa na sauti za viti. Wifi akawa anahesabu kabichi upya, arobaini, arobaini, arobaini.

Dirisha likafunguliwa. Nyuma ya Bwana Stoo walisimama mpishi mkuu, mwanamke mnene mwenye mikono kama ya fundi seremala, na wapishi wengine watano, na wanakamati wawili watatu waliokuwa wakinyoosha shingo. Bwana Stoo alichukua kabichi ya juu kwa shina, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, akachota kikombe cha maji kutoka kwenye birika lake lenye lebo, akayamimina juu yake.

Maji hayakushika. Yalivunjika yakawa matone ya duara, meupe, yanayong'aa, yakabingirika juu ya majani yakikimbizana, yakaruka ukingo na kumlowesha Bwana Stoo viatu vyote viwili. Jani likabaki kavu.

"He!" mpishi mkuu akasema. "Hiyo ni kabichi au bata?"

Wapishi wakavunjika mbavu. Bwana Stoo naye alicheka, cheko ambalo halijazoea kutoka, la kukwamakwama, na huku anacheka alikuwa tayari anachota kikombe cha pili.

"Kamati imekubali, mama," alisema bila kuinua macho, maana alikuwa akilenga katikati ya kabichi. "Jina linabaki. Ziingie zote."

"Ngoja kwanza," mpishi mkuu akamsukuma kwa kiuno. "Nipe hicho kikombe, na mimi nimwage."